Rafu ya Mikebe ya Lutfa Apa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, mradi redio inasikika. Kama umejilaza kwa sababu ya joto, usiinuke, sogeza sikio tu. Hapa studioni umeme umekuwa ukikatika na kurudi tangu asubuhi, na mimi mwenyewe wiki hii nimechoka. Nadhani mtaa mzima wa Notunghat umechoka. Tumetoka kuzika.

Leo tunamkumbuka Lutfunnahar Siddiqa. Jina hilo refu lilikuwa la kwenye bahasha tu. Sisi tulimwita Lutfa Apa, dada yetu Lutfa, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Ndiye aliyefungua Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, lile ghala la zamani la juti, zile nyuzi za magunia, kando ya mto Bhairab, na ndiye aliyelitunza mpaka mwisho. Narudia kwako uliyechelewa kufungua redio: tunamkumbuka Lutfa Apa, wa makumbusho ya pale ghalani.

Alizaliwa hapa hapa Khulna. Baba yake alisimamia mizani kwenye geti la kinu cha juti, pale magunia ya juti yalipopimwa kabla ya kuingia ndani. Mama yake alikuwa mtu wa kuumwa mara kwa mara. Dada yake mdogo, Meherun Khala, mama mdogo wetu sote, ambaye leo ndiye mkubwa wa familia, ameniambia hivi:

"Dada alikuwa anachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Mama anafuta, yeye anachora. Mama anafuta tena, yeye anachora tena. Mama ndiye aliyechoka kwanza."

Akaenda Dhaka kusomea sanaa. Angeweza kubaki huko, marafiki zake wengi walibaki. Mama alipolala kitandani bila kuinuka tena, Lutfa Apa akarudi, akamuuguza mpaka mwisho, akawa mwalimu wa kuchora kwenye shule ya wasichana. Kila siku akienda na kurudi alipita mbele ya ghala lile. Lilikuwa tupu, limejaa popo. Akawafuata wenyewe, familia moja ya wenye mali, akawaomba. Wakamwambia, chukua, mpaka tutakapolihitaji. Ikaundwa bodi ya wadhamini huko Dhaka, mwenyekiti akawa Bwana Ashfaq Munshi, mtu wa suti safi na nia njema. Popo wakafukuzwa. Wengine walirudi.

Kuddus Bhai, kaka yetu Kuddus, muuza chai wa mbele ya geti, anaikumbuka vizuri siku ya ufunguzi. Anasema alimfuata Lutfa Apa akamuuliza:

"Apa, humu mtauza nini?"

"Hatuuzi kitu."

"Basi mtagawa nini?"

"Hatugawi."

"Sasa mlango mmeufungulia nini?"

"Uingie utazame. Ni makumbusho ya sanaa ya kisasa."

"Ya kisasa," akasema Kuddus Bhai. "Kitu cha sasa hivi mnakikumbuka vipi na bado hakijapita?"

Lutfa Apa akacheka, akaagiza chai. Akasema, "Nipe mwaka mmoja nitakujibu." Kuddus Bhai anasema chai alilipa, jibu hakuleta.

Miaka ile ya kwanza ilikuwa migumu, wasikilizaji wapendwa. Wanafunzi wa chuo walikuja kwa basi, wakapiga picha, wakaondoka. Wageni wa Dhaka walikuja msimu wa baridi, wakala samaki wetu wa ilish, wakasifu mwanga wa madirishani. Watu wa mtaa walipita nje. Walisema pale ni mahali pa wenye viatu vizuri.

Kuna msanii mmoja alitandaza majani mabichi ya juti sakafuni, ukumbi mzima, akasema hiyo ndiyo historia yetu. Mbuzi wa Kuddus Bhai akaingia mchana watu wakiwa kwenye sala. Akala historia karibu nusu. Msanii alikasirika. Lutfa Apa akamwambia, "Usihuzunike, kaka. Huyu ndiye mgeni wa kwanza wa mtaa huu kukaa humu zaidi ya robo saa."

Alikuwa anatania hivyo, lakini nyumbani hakutania. Meherun Khala anasema alikuwa anarudi jioni, anakaa ukingoni mwa kitanda, viatu havijavuliwa, anatazama ukuta.

Kisha kinu kikaungua.

Wengi mnalikumbuka jambo hili na sitaki kulirefusha. Kilikuwa kile kinu cha kusokota nyuzi kilichokuwa upande wa pili wa barabara. Ilikuwa msimu wa mvua, zamu ya asubuhi. Vumbi la juti lilishika moto, na mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Wengi walioingia asubuhi ile hawakutoka.

Wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuacha mikebe yao ya chakula kwenye kibanda cha getini, ile mikebe ya chuma yenye vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, na kishikio juu. Moto haukufika getini. Kwa hiyo watu waliungua na vyakula vyao vikabaki. Narudia, maana hapo ndipo habari yetu ilipo. Watu waliungua, na chakula walichopikiwa na wake zao na mama zao kikabaki kibandani, kimefungwa, kingine bado kina uvuguvugu.

Rahela Khatun alikuwa mke wa mfanyakazi mmoja aliyeitwa Sobhan. Wakati huo walikuwa na mtoto mmoja mchanga, Moyna. Nilikwenda kwa Rahela juzi, akanipa muri, zile bisi za mchele, na chai, akaniambia:

"Niliufungua mkebe wake. Wali, dengu, na boga. Asubuhi ile alinigombeza, boga tena? Nikamwambia, wewe lete samaki, nami nitapika samaki. Basi. Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Ya boga."

Aliuosha mkebe ule. Kuurudisha penye vyombo hakuweza. Kuutupa hakuweza. Akauviringisha kwenye sari kuukuu, akausukuma chini ya kitanda.

Wakati huo alikuwapo kijana wa hapa, Torun Biswas, mtoto wa mchora riksho wa barabara ya chini. Alikuwa amesomea sanaa Dhaka. Yeye ndiye aliyemwendea Lutfa Apa na wazo la mikebe. Wakapita wote wawili nyumba kwa nyumba. Torun hakuweza kusema, alikuwa anasimama mlangoni anatazama miguu yake. Lutfa Apa ndiye aliyesema. Alisema, "Hatujaja kununua. Tunaomba tuwatunzie." Neno lilikuwa hilo, kuwatunzia, na baadaye ndilo lililoleta matata.

Baadhi ya watu waliwafukuza. Wengi walitoa. Rahela alipiga magoti, akauvuta mkebe kutoka chini ya kitanda, akawapa ukiwa bado ndani ya sari.

Torun akatengeneza rafu moja ndefu ya mbao isiyopakwa rangi. Akaipanga mikebe, vifuniko vimefungwa, bila majina. Kazi hiyo akaiita "Chakula cha Mchana". Makumbusho yakainunua kwake kwa fedha za bodi, ikawa mali ya makumbusho. Kwenye karatasi, nasema.

Siku ilipofunguliwa, watu wa mtaa waliingia. Kwa mara ya kwanza, wasikilizaji wapendwa, waliingia. Walivua viatu mlangoni na hakuna aliyewaambia wavue. Kila mmoja aliutambua wa kwake bila jina, kwa pale ulipobonyea ubavuni, kwa kutu, kwa kishikio kilichofungwa uzi.

Ikawa kila Ijumaa mchana wanawake wanakuja kukaa mbele ya rafu. Wengine walilia. Wengine walizungumza bei ya vitunguu. Mmoja alikuwa anasinzia. Lutfa Apa akatandika mikeka, akasogeza feni. Rahela alikuwa anaupangusa mkebe wa Sobhan kwa ncha ya sari yake. Sheria ya makumbusho ni kutogusa, mnaijua. Kila Rahela alipoinuka, Lutfa Apa alikuwa anakumbuka ana shughuli chumba cha pili.

Bwana Ashfaq Munshi alikuja siku moja akayakuta haya. Akauliza, kwa upole wake, "Dada Lutfa, haya ni makumbusho au ni matanga?"

Akamjibu, "Bado sijajua, bwana. Ngoja wamalize."

Hawakumaliza. Miaka ikapita. Kinu hakikufunguliwa tena. Paa la ghala lilianza kuvuja upande wa mtoni, likavuja na upande wa barabara. Lutfa Apa alipata maumivu ya magoti, akaanza kupanda ngazi kwa kushika ukuta. Alikuwa anazunguka na ndoo, anatega huku, anatega kule. Watu walioona kazi ile kwenye magazeti walianza kuja kutoka mbali. Hatimaye makumbusho makubwa ya Ulaya yakaomba kuiazima rafu nzima kwa maonyesho yao. Bodi ilifurahi sana. Kwa malipo yale paa lingezibwa. Lutfa Apa alisema kwa mara ya kwanza baada ya miaka kwamba amelala vizuri.

Na wiki hiyo hiyo Rahela akaja. Asubuhi ya mvua, sari imelowa mpaka magotini. Mazungumzo haya amenisimulia yeye mwenyewe.

"Apa, nimekuja kuchukua mkebe."

"Kuupeleka wapi?"

"Nyumbani. Moyna amepata kazi, kile kiwanda cha kumenya kamba wa mtoni. Anaanza Jumapili."

"Hongera, mdogo wangu. Nitamnunulia mkebe mpya mimi mwenyewe. Wa vyumba vitatu."

"Mpya hata mimi naweza kununua. Nautaka huu."

"Rahela, huu sasa si mkebe tu. Watu wanatoka mbali kuja kuuona."

"Najua. Na mimi natoka hapo karibu kuja kuuona, kila Ijumaa, miaka yote hii. Nimechoka, Apa. Nimechoka kutazama chombo kitupu. Nilipokupa, nilikuwa siwezi kuushika. Sasa naweza."

Lutfa Apa akakaa kwenye benchi. Akasema, "Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi sawa. Ila Jumapili mtoto anaanza kazi."

Lutfa Apa akampigia Torun, ambaye wakati huo alikuwa anaishi Dhaka na jina lake limeshakuwa kubwa. Torun alipandisha sauti. Alisema kazi ile ni kitu kimoja, na ukitoa mkebe mmoja umeikata mkono.

"Basi itaishi na mkono mmoja," Lutfa Apa akamwambia. "Umesahau ulikozaliwa? Nusu ya wazee wa vinu hapa wana mkono mmoja."

Torun akakata simu. Lutfa Apa akampigia Bwana Ashfaq Munshi. Yeye hakupandisha sauti. Alisema makumbusho kazi yake ni kuhifadhi, si kurudisha. Alisema leo ni huyu, kesho ni mwingine, mwisho tutabaki na ubao. Alisema ile ni mali iliyonunuliwa. Na kwa kweli, wasikilizaji wapendwa, hakusema uongo hata kidogo.

Lutfa Apa akamwambia, "Bwana, mimi niliingia nyumbani kwa mama huyu nikasema nakutunzia. Sikusema nanunua. Kitu cha amana mwenyewe akija, ni chake."

Jumamosi ikafika. Hapakuwa na sherehe. Lutfa Apa aliushusha mkebe kwa mikono yake, akaufunga kwenye gazeti kuukuu, akamkabidhi Rahela kwa mikono miwili. Kwenye ubao ukabaki mduara mweupe.

Rahela akamwambia, "Apa, watakufukuza."

Akajibu, "Basi nitalala kidogo."

Walimfukuza. Makumbusho ya Ulaya yalifuta ombi lao, walitaka kazi iliyo kamili. Paa likabaki vilevile. Bodi ikamwandikia Lutfa Apa kumshukuru kwa utumishi wake, ikaleta mkurugenzi mpya kutoka Dhaka. Kijana msomi, hakuwa mtu mbaya. Alikaa msimu mmoja wa mvua. Ndoo zikamshinda, akaaga. Bodi ikatafuta mwingine, hakupatikana. Basi asubuhi moja Lutfa Apa akaenda akafungua geti kwa ufunguo wa zamani, akashika ufagio. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemzuia. Nilimuuliza wakati ule kwa nini amerudi. Akaniambia amerudi kama mtu anavyorudi kuosha vyombo wageni wakishaondoka.

Na alivyosema Bwana Ashfaq ndivyo ilivyokuwa. Wengine walikuja. Mzee mmoja alichukua mkebe wa mwanawe baada ya mkewe kufa, akasema hataki tena kuugawana na watu. Mama mmoja alichukua wa kwake, akauuza kwa wanunua vyuma chakavu wiki ile ile. Watu wakaenda mbio kumwambia Lutfa Apa. Akasema, "Ni wake," akaendelea kukamua kitambaa chake ndani ya ndoo. Wengine hawakuja kabisa. Mikebe yao ipo mpaka leo, na katikati ya mikebe ni miduara.

Rahela akampikia Moyna. Siku ya kwanza ya kazi alimpikia samaki. Kishikio cha mkebe kilikatika mwaka jana, wakaweka waya. Moyna anakula nao mpaka leo. Nilimuuliza kama anaona uzito kula kwenye mkebe ule. Alinitazama kama nimeuliza swali la mtu mvivu. Akasema, "Saa sita ikifika nakuwa na njaa, kaka. Nakula."

Torun alirudi pia. Ilimchukua miaka. Alikuja bila kumwambia mtu, akavua viatu, akasimama mbele ya rafu yake yenye mapengo. Lutfa Apa alikuwa kwenye kiti chake pale pembeni, anasinzia. Torun akatembea kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, akarudi. Akasema:

"Apa, nilidhani mimi ndiye niliyeitengeneza kazi hii."

"Uliianza vizuri," akasema Lutfa Apa, macho yakiwa bado yamefumba.

"Msiyajaze hayo mapengo."

"Nani hapa ana nguvu ya kujaza? Nisogezee hiyo ndoo, maji yanamwagikia sakafuni."

Torun akaisogeza. Akabaki mpaka jioni anasogeza ndoo.

Wasikilizaji wapendwa, kuna wataalamu wanaobishana makumbusho ya sanaa ya leo ni ya kazi gani. Ya kuhifadhi, ya kufundisha, ya kuleta watalii. Nimewahi kuwakaribisha hapa studioni, wakabishana mpaka muda ukaisha. Mimi si mtaalamu. Nawaambia nilichokiona. Niliona watu waliobeba kitu kisichobebeka, wakapata mahali pa kukituliza mbele ya wengine, mpaka mikono yao ikapata nguvu. Sijui mahali pengine hapa mtaani palipofanya kazi hiyo. Msikitini tuliswali, hekaluni wenzetu waliomba, mahakamani tulizungushwa. Pale ghalani tulikaa.

Lakini nisimpambe marehemu. Yeye mwenyewe hakuwa na uhakika huo. Miezi ya mwisho, figo zilipokuwa zinamsumbua, alimwambia Meherun Khala, "Nimeamka asubuhi zote hizi kwenda kufungua mlango, na sijui kama nimemsaidia mtu." Meherun Khala akamwambia, "Umemsaidia yule mbuzi." Walicheka wote wawili mpaka Lutfa Apa akashikwa na kikohozi. Kisha akalala.

Alifariki asubuhi, dada yake akiwa anamsuka nywele. Swala ya jeneza iliswaliwa uwanjani pa ghala, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa maji. Wanaume wakamsindikiza makaburini. Wanawake wakaingia ndani wakakaa kwenye mikeka, na Rahela akawa ndiye anayepokea wageni, kana kwamba ni nyumbani kwake. Torun alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Bwana Ashfaq Munshi alituma maua kutoka Dhaka. Nimeongea naye kwa simu. Alisema, "Nilikuwa na haki, na bado naamini nilikuwa na haki. Lakini natamani ningekuwa nimekosea." Nimemshukuru kwa ukweli wake.

Sasa mambo yamefika hapa. Wenye ghala wamesema wanalihitaji. Kuna mtu anataka kulifanya ukumbi wa harusi. Bodi itakutana mwezi huu. Mimi sijui wataamua nini, na sitawadanganya kwamba nina matumaini makubwa. Kwa sasa geti linafunguliwa na Moyna siku anazokuwa hana zamu, na siku nyingine anafungua anayejisikia. Siku nyingine halifunguliwi.

Kwa niaba ya wote wa redio yenu hii, natoa pole kwa Meherun Khala na watoto wake. Pole kwa wanafunzi wote aliowafundisha kushika penseli. Pole kwa familia za kinu, ambazo zimefiwa tena. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema dada yetu Lutfa, na ampe mapumziko ambayo hapa kwetu hakuyapata.

Na kwako unayenisikiliza, jiulize leo taratibu, bila haraka. Kitu chako kizito ulichokisukuma chini ya kitanda, ungekipeleka wapi? Nani angekutunzia bila kukinunua?

Kabla sijaondoka nyumbani kwao nilimuuliza Meherun Khala tuwaambie nini watu. Alikuwa anakunja nguo za dada yake, moja moja. Hakuacha kukunja.

"Waambie wasimwite shujaa," akasema. "Alichoka tangu mwaka wa kwanza, na akawa anakwenda hivyo hivyo amechoka. Waambie na wao waende. Wakikuta pamefungwa, wagonge."